Baba ameipenda Sholay maisha yake yote, mimi ilinishinda dakika ya arobaini

Swali kutoka kwa msomaji wa Nakuru:

"Habari Mwalimu. Baba yangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Yeye ni mtu wa Seme, lakini ujana wake wote alikuwa akifanya kazi hapa Nakuru, na tangu tukiwa wadogo hatujapumzika na ile filamu ya Kihindi, Sholay: jinsi alivyoitazama amesimama kwa kukosa kiti, jinsi watu walivyopiga mbinja Gabbar alipotokea. Ana maneno ya Kihindi anayoyakariri mpaka leo bila kujua maana yake. Nilitaka kumwandalia siku nzuri, nikaitafuta hiyo filamu na kuianza kwenye simu nikiwa ndani ya matatu natoka Kisumu. Dakika ya arobaini nikaizima. Niliona ndefu, vichekesho vyake havinichekeshi, na sikuona kilichomteka mzee. Sasa nina wasiwasi. Nijikaze niimalize peke yangu kwanza, au niitazame naye moja kwa moja? Na nisipoipenda, nitamwambia nini?"

Jibu:

Itazame naye, dada yangu, na tafadhali usiimalizie peke yako kwanza. Sababu nitazitoa. Ila kwanza nikuondolee mzigo mmoja: Sholay hujaikataa, kwa sababu bado hujakutana nayo. Gabbar Singh, huyo ambaye watu walimpigia mbinja, haonekani mpaka filamu iwe imekwenda kama saa nzima. Ulichokiona ni mapigano ya kwenye gari la moshi, vijana wawili wakiimba juu ya pikipiki, halafu zile mbwembwe za gerezani. Ulishuka kabla adui hajapanda.

Na sehemu ya gerezani nakubaliana nawe, imechakaa. Yule mkuu wa gereza anayejitutumua alichezwa na Asrani kwa kumwiga Charlie Chaplin alipomfanyia mzaha Hitler katika filamu ya mwaka 1940. Kwa watu wa miaka ya sabini, Hitler alikuwa sura waliyoijua hata kama hawakusoma vitabu, kwa hiyo kicheko kilikuja chenyewe. Kwako wewe, kwenye skrini ya simu, katikati ya kelele za utingo, ni mtu anayepayuka tu. Vumilia kipande hicho. Hata baba yako nina hakika hakariri maneno ya pale.

Utulie pia ukijua kwamba hata wenyewe hawakuipokea siku ya kwanza. Ilitoka tarehe 15 Agosti 1975 huko India, na wiki za mwanzo watu hawakujaa. Waliokwisha kuitazama ndio waliorudi nyumbani wakawasimulia wengine, wengine wakaenda, wakarudi na ndugu zao. Katika ukumbi wa Minerva pale Mumbai ikaishia kukaa zaidi ya miaka mitano. Kwa hiyo unachofanyiwa na baba yako, kusimuliwa mpaka uchoke, ndivyo filamu hii ilivyotembea tangu mwanzo.

Sasa niseme kwa nini simu iliiua. Watu wengi huidhani Sholay ni filamu ya kelele: farasi, bunduki, nyimbo, mtu anacheka kwa sauti nzito juu ya jiwe. Vyote hivyo vimo. Lakini pale inapomshika mtu kooni, inamshika kwa ukimya, na kwa kile inachokataa kumwonyesha. Mkurugenzi Ramesh Sippy na waandishi wake wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, walijua ukumbi wenye watu mia kadhaa gizani ukinyamaza wote kwa pamoja unakuwa na uzito ambao bunduki haina. Ukimya huo hauingii kwenye spika ya simu. Ndani ya matatu ya Kisumu kuja Nakuru haupo kabisa.

Nikupe mfano mmoja, mingine uione mwenyewe. Kuna kijana wa kijijini anakamatwa na majambazi na kupelekwa kwa Gabbar. Gabbar amejilaza juu ya mwamba. Sisimizi anatembea kwenye mkono wake. Anamtazama yule mdudu, anamtazama taratibu, kisha anamponda. Basi. Tukio linaishia hapo. Halafu tuko kijijini, farasi anarudi na mzigo mgongoni, watu wote wamenyamaza, na imamu mzee asiyeona anauliza mbona pamekuwa kimya namna hii. Hakuna anayethubutu kumjibu. Mzee A. K. Hangal, aliyecheza imamu huyo, hapandishi sauti hata kidogo. Nimewahi kuonyesha filamu hii mbele ya vijana waliokuwa wakipiga soga na kupitisha njugu tangu mwanzo, na nilisikia njugu zikiacha kutafunwa.

Kiasi fulani cha huo ukimya kilitokana na wakaguzi wa filamu, ambao hawakutaka mauaji ya kijana yaonekane. Waliotengeneza walikuwa wamelipiga picha tukio hilo kwa siku 19. Likakatwa, akabaki sisimizi. Mimi naamini sisimizi yule anatisha kuliko chochote ambacho wangekionyesha, na nitalisema hilo kwa yeyote.

Ukishaelewa hivyo, utajua macho uyaweke wapi. Mtazame Thakur, yule mzee mwenye shamba anayewaajiri Jai na Veeru, wale vijana wawili wa pikipiki, wamletee Gabbar akiwa hai. Sanjeev Kumar amemcheza kwa uso tu, na shali haimtoki mabegani, jua liwake au livume vumbi. Usiniulize kwa nini. Ukiwa na baba na akataka kukuambia, mwambie afunge mdomo kwa heshima zote. Sikiliza bembea nyumbani kwa Thakur, jinsi inavyolia. Na Gabbar atakapoingia, usimsubiri usoni. Kwanza utaona buti zikitembea juu ya jiwe, na mshipi wa risasi ukiburutwa nyuma yake, chuma kikikwaruza mwamba. Amjad Khan hakuwa mtu maarufu wakati huo, hakuna aliyemjua, na Sippy alitumia hilo vizuri: hatujui ni sura gani itakayoinuka. Halafu anauliza tu wale waliowafukuza watu wake walikuwa wangapi. Swali la kawaida, kama la mwalimu darasani. Kama baba yako anakariri sentensi moja tu ya Kihindi, nadhani ni hiyo.

Usishangae kwamba anaikariri bila kujua lugha. Kampuni ya Polydor ilitoa santuri zenye maneno ya filamu hiyo, maneno matupu bila nyimbo, na zikauzwa sana. Watu walizisikiliza dukani na nyumbani kama tunavyosikiliza muziki. Huku kwetu, kwenye miji kama Nakuru na Kisumu, sinema ya Kihindi haikuwa ya Wahindi peke yao. Mhasibu, fundi na kijana wa sokoni walikaa safu moja Jumapili alasiri, na kila mtu alijua staringi ni nani hata kama hakuelewa neno.

Kuna jambo jingine kuhusu mzee wako. Umesema ni mtu wa Seme. Filamu ilipigwa picha zaidi Ramanagara, karibu na Bangalore, mahali penye miamba mikubwa iliyobebana, na kijiji kizima kilijengwa pale chini yake kwa ajili ya kazi hiyo. Kijana aliyekua akiiona Kit Mikayi, ile miamba mirefu ya kwao Seme, kila siku anapoletewa miamba ile kwenye pazia kubwa, hawezi kuiona ngeni. Ongeza kwamba hadithi inaanza na gari la moshi likiingia kwenye stesheni ndogo ya mashambani, abiria mmoja anashuka, anapokewa. Fikiria mtu aliyekuja Nakuru kutafuta kazi kwa gari la moshi kutoka Kisumu. Sisemi hicho ndicho kilichomteka, hilo utamuuliza yeye. Nasema usidhani alikuwa akitazama nchi ya mbali.

Tuje kwenye matayarisho, maana hapa ndipo wengi huharibu.

Tafuta nakala nzuri na uangalie urefu wake kabla ya jambo lolote. Nakala iliyozoeleka ina dakika 198. Ukikuta ya saa mbili na nusu, imekatwa na mtu, iache. Kuna nakala iliyofanyiwa ukarabati mkubwa, ya dakika 204, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Bologna, Italia, mwezi Juni 2025, na hiyo ina mwisho tofauti. Nitaurudia mwisho huo baadaye. Kwa siku ya kuzaliwa ya mzee mtafutie ile ya dakika 198, kwa kuwa inakaribia zaidi aliyoiona yeye. Hakikisha ina sabtaito unazoweza kusoma bila kukunja uso, zijaribu kwa dakika chache tu, si zaidi.

Usichukue iliyotiwa sauti ya DJ, yule msimulizi anayezungumza juu ya filamu. Nasema hivyo nikiwa na heshima kubwa kwa kazi hiyo. DJ Afro na wenzake wamewafanya Wakenya wengi wapende sinema za lugha wasizozijua, na vibanda vya muvi vya Kondele na Nyalenda hapa Kisumu visingejaa bila wao. Lakini DJ anaishi kwa kuzungumza, na filamu hii inanyamaza makusudi. Atakapofika kwa yule sisimizi, atasema kitu. Ni lazima aseme, ndiyo kazi yake. Itazame hivyo mara ya pili, utacheka vizuri.

Iweke kwenye runinga kubwa kuliko zote mnayoweza kuazima kwa jamaa, na uunganishe wufa. Sauti nakusisitizia kuliko picha. Sholay ilitolewa kwa mkanda mpana wa milimita 70 wenye sauti ya stereo, na R. D. Burman, aliyetunga muziki, alichezea sana vitu vidogo: kinanda cha mdomo, kwato, kamba, upepo. Angalia pia mpangilio wa picha kwenye runinga. Kama nyuso zimetanuliwa kama chapati, kuna kitufe cha kurekebisha. Zima taa ya sebuleni. Simu ziende chumbani, yako ikiwa ya kwanza.

Anzeni mapema. Filamu ya saa tatu na zaidi ikianzishwa saa tatu usiku, mzee atalala kabla ya mwisho na wewe utakuwa unapiga hesabu ya kazi ya kesho. Anzeni saa tisa alasiri, kama walivyozoea wao. Katikati pana mapumziko, na mapumziko hayo ni sehemu ya filamu: waandishi waliijenga wakijua watu watatoka nje, watanunua kitu, watabishana, watarudi. Wengi wa rika lako hupitiliza tu, ndiyo maana inawachosha. Simameni. Pikeni chai. Toeni bhajia. Dakika ishirini ziishe.

Hapo ndipo mzee azungumze. Mwekeeni makubaliano kabla hamjaanza, na ayasikie kutoka kwako, si kutoka kwa kaka zako: "Baba, mimi sijaijua hii filamu. Niache niione kama ulivyoiona wewe mara ya kwanza, bila mtu kunidokeza. Wakati wa chai utaniambia yote." Mzee atakubali, kwa sababu umemwomba kitu anachoweza kukupa. Asipoweza kujizuia kuimba ule wimbo wa pikipiki, mwache aimbe. Walikuwa wakiimba ukumbini pia.

Hii ndiyo sababu nakukataza kuimalizia peke yako. Ukiitazama ukiwa peke yako kama kazi ya shule, siku hiyo utakaa naye ukijua kila kinachokuja, na utaanza kuigiza mshtuko. Wazazi hawadanganyiki. Mtu aliyeitazama filamu mara nyingi hawezi tena kushtuka nayo mwenyewe. Kinachomrudishia ile alasiri ni kumwona mtu aliyekaa naye akishtuka kweli. Hicho hukinunui dukani, na unacho mara moja tu.

Lakini usiende pale ukitafuta kuhisi anachohisi yeye. Hili ndilo kosa ninaloliona kila ninapoonyesha zilipendwa kwa vijana, hapa Kisumu na huko Nakuru pia. Wanakaa wakisubiri uchawi waliosimuliwa, na kila dakika inayopita bila uchawi wanaihesabu dhidi ya filamu au dhidi yao wenyewe. Baba yako anapoitazama Sholay anauona pia ujana wake, marafiki waliosimama naye, mshahara wa kwanza, labda msichana fulani wa kabla ya mama yenu. Hayo hayamo kwenye mkanda. Wewe tazama yaliyomo: Thakur na shali yake, Jai na Veeru, kijiji kinachotoa nafaka kwa hofu.

Na ukinyamazisha ile sauti ya "kwa nini wanaipenda hivi," kuna kitu nadhani utakiona wewe kabla ya mzee. Mtazame Radha, mjane wa nyumba ya Thakur, aliyechezwa na Jaya Bhaduri. Karibu hana maneno. Usiku unapoingia anapita barazani akishughulika na taa, moja baada ya nyingine, na upande wa pili wa ua Jai, ambaye ni Amitabh Bachchan, amekaa anapuliza kinanda chake cha mdomo. Hawaambiani chochote. Mpiga picha Dwarka Divecha alitaka mwanga wa magharibi, ule unaodumu kwa muda mfupi tu kila siku, kwa hiyo matukio mawili mafupi ya taa hizo yaliwachukua siku 20. Kwenye simu ungeona giza na kitone cha njano. Kwenye chumba chenye giza utaona mapenzi yanayoanza bila ruhusa ya mtu yeyote. Wanaume wa umri wa baba yako wakisimulia Sholay, kwa kawaida hulipita hilo wakakimbilia bunduki. Mwulize kama alimwona Radha.

Kuhusu swali lako la mwisho, nisipoipenda nitamwambia nini: mwambie ukweli, kwa kipimo. Filamu ina udhaifu wake na si dhambi kuutaja. Mimi naona vichekesho vimezidi, na Basanti, yule mwendesha gari la farasi anayeongea bila kituo, amepewa maneno mengi kuliko anayostahili mwigizaji wake, Hema Malini, ambaye uso wake peke yake ungetosha. Mkunjano wa hadithi kabla ya mapumziko ni mzito, kisha baada yake kuna mahali inalegea. Sema hayo. Mzee aliyeishi na filamu tangu ujanani ataitetea kwa furaha kubwa kuliko ukimwambia "nzuri sana Baba" ukikusanya vikombe. Kinachomuumiza mtu ni kumwona mwanawe amechoka na anaficha.

Halafu muulize maswali yanayojibika. Ukimwuliza kwa nini anaipenda, atakwambia ni filamu nzuri, basi, mazungumzo yamekufa. Muulize alikwenda na nani. Kama alikuwa amesimama, alisimama upande gani. Watu walifanya nini yule sisimizi alipopondwa. Nani alimtafsiria, au walikuwa wakikisia tu. Njiani kurudi nyumbani walikuwa wakimwiga nani. Kumbi nyingi za enzi zile zimekuwa makanisa na maduka; muulize ule wake ulikuwa barabara gani, na kama bado kuna jengo, siku nyingine mpite mbele yake.

Ule mwisho tofauti sasa. Filamu ilipokuwa tayari, India ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Juni 1975, na wakaguzi hawakupendezwa na namna Thakur alivyomalizana na Gabbar. Wakalazimisha mwisho mwingine upigwe picha. Huo wa kulazimishwa ndio watu wengi walioujua kwa miaka mingi, baba yako akiwemo. Ule wa awali ndio uliorudishwa katika ile nakala ya dakika 204. Siwaambii ni upi na upi, lakini nina pendekezo: siku ya kuzaliwa mtazame ule anaoujua. Ikishapita wiki moja au mbili, mletee mwisho ule mwingine, dakika zile za mwisho tu. Kwa mara ya kwanza mtakuwa mnaona kitu ambacho nyote wawili hamjakiona, na hapo mtabishana mkiwa sawasawa kama Thakur alipaswa kufanya vile au la. Mimi nauunga mkono ule wa awali. Nitafurahi ukiniandikia kunieleza mzee ameunga mkono upi.